Niligawa timu ya mume wangu ya kwenye game bila kumuuliza

Habari za saa hizi wakuu, na akina dada mliomo humu, maana najua mpo.

Mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Nauza nyuzi, zipu na vifungo Kariakoo, lakini uzi wa humu jukwaani huu ndiyo wangu wa kwanza, kwa hiyo mkiona nimeukata vibaya mnivumilie. Naandika kwa simu nikiwa dukani, wateja wanaingia na kutoka.

Haya ninayoeleza yametokea nyumbani kwangu na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Kariakoo tunajuana.

Mume wangu nitamwita Baba Lilian. Sokoni wanamwita Mangi Zipu. Sisi kwetu ni Kilimanjaro, na mnajua mwenye duka akitoka kule basi lazima ataitwa Mangi, na kwa sababu Mangi wako wengi mtaani kwetu, yeye akaongezewa zipu.

Kwa miaka mitatu mfululizo, kila Jumapili mchana tukitoka kanisani, mume wangu alikuwa anabadilisha shati na kurudi Kariakoo. Nikimuuliza unaenda wapi, siku moja moja ananijibu, "Leo tuna drafti."

Mimi nikajua drafti ile ya vizibo vya soda, ya ubao. Nikasema sawa, bora huko kuliko baa.

Kumbe siyo.

Kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa sijui: kuna game la mpira la kwenye laptop ambalo wewe huchezi kwa kubonyeza mateke. Wewe ni kocha. Unapanga kikosi, unafanyisha mazoezi, unaamua nani aanze nani akae benchi, halafu kompyuta inacheza mechi yenyewe nyie mnatazama na kugombana.

Wafanyabiashara kumi wa mtaa wetu wana ligi yao. Kila mmoja ana timu aliyoitunga jina mwenyewe. Ya mume wangu inaitwa Vifungo FC. Msicheke.

Laptop inakaa kwa Ami Nassor, mzee wa Kiarabu mwenye duka la mazulia, ambaye ndiye mwenyekiti wa ligi. Ami ana miaka sitini na kitu, na ukimkuta dukani na miwani yake na kanzu yake huwezi kudhani kama anajua game ni nini. Timu yake inaitwa Zulia United.

Sasa kila msimu ukiisha, game linazalisha wachezaji wapya, vijana wa miaka kumi na tano, kumi na sita. Majina yao limeyatunga game lenyewe, hawapo duniani. Hawa jamaa wakakubaliana kwamba hakuna kununua ovyo. Wanakaa chini, wanachagua kwa zamu. Aliyeshika mkia kwenye ligi anachagua wa kwanza, aliyechukua ubingwa anachagua wa mwisho, ili timu dhaifu nazo zipate nafuu. Hiyo ndiyo drafti.

Haya, tuendelee.

Mwaka jana, asubuhi moja, mume wangu alikuwa anamhesabia zipu fundi mmoja wa Mchikichini. Nilikuwa nimempa mgongo napanga maboksi. Nikasikia zipu zimemwagika chini. Nikageuka nimwambie aangalie, nikaona mdomo umeenda upande.

Kiharusi.

Sitaki kuwachosha na habari za hospitali. Alilala wiki tatu. Mungu ni mwema akatoka hai. Ila mkono wa kulia ukabaki mzito, mguu wa kulia anauburuta, na maneno yakapotea.

Nieleze vizuri hili la maneno, kwa sababu ndipo kosa langu lilipo.

Mume wangu anaelewa kila kitu unachosema. Kila kitu. Lakini akitaka kuongea, neno analolitaka haliji, linakuja jingine. Kwake lililokuwa linakuja ni "sahani". Akitaka maji, sahani. Akitaka shati, sahani. Akitaka kwenda msalani, sahani, na hapo mnaanza kukimbizana. Yeye mwenyewe anasikia kwamba amekosea, na anaumia. Mtu aliyekuwa anaweza kumwuzia mteja vifungo ambavyo hakuvijia.

Binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya kuongea kule hospitali aliniambia, "Mama, ukimuuliza kitu, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujamsaidia. Mpe nafasi."

Nikaitikia ndiyo. Nilipotoka pale sikuhesabu hata mbili.

Maana nani ana muda? Duka langu, mgonjwa wangu, binti yetu Lilian yuko chuo Dodoma. Nikawa mdomo wake. Watu wakija nyumbani kwetu Magomeni kumwona, wakimuuliza, "Mangi, unaendeleaje?" najibu mimi. Anaendelea vizuri, amekula uji, mguu una nafuu. Yeye ananiangalia tu. Mimi nikajua ananishukuru.

Nguo nachagua mimi. Chakula mimi. Redio mimi. Hata kama anataka kutazama mpira au taarifa ya habari, naamua mimi kwa kumkadiria.

Ngoja nimhudumie mteja hapa.

Nimerudi.

Basi, miezi kama minane imepita, siku moja Ami Nassor akaja dukani kwangu. Nikamsabahi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mama Lilian. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu."

Akakaa kwenye stuli. Akawa anazungukazunguka, mara anaulizia biashara, mara anashika kifungo anakigeuza. Nikaona huyu mzee ana jambo.

Akasema, "Binti yangu, kuna kitu naona aibu kukisema. Ile timu ya Mangi msimu mzima haikuwa na mtu. Tuliiacha kompyuta iiendeshe. Imeshika mkia. Na sheria yetu tuliyoiandika wenyewe inasema timu ikikaa msimu mzima bila mwenyewe, apewe mtu mwingine. Kuna kijana anaisubiri, Deo wa mabegi. Lakini nimewaambia siigusi bila kuuliza nyumbani."

Wakuu, nilicheka. Nikasema, "Ami, ndiyo umetembea kuja kwa ajili ya hilo? Mpeni tu. Mwenyewe hata kijiko hajui kushika, atashika laptop?"

Ami akaniangalia kidogo. "Utamuuliza kwanza?"

"Hakuna haja, Ami. Mpeni."

Akasimama, akanishukuru, akaondoka taratibu. Mimi nikaendelea na kazi. Kwangu lilikuwa jambo dogo kuliko kifungo kimoja.

Jioni namlisha mume wangu, nikamwambia kama habari ya kuchekesha. "Ami Nassor kaja leo, eti ile timu yenu ya game wanataka wampe Deo. Nimewaambia wachukue."

Akaacha kutafuna.

Akageuza uso ukutani.

Siku ya kwanza nikajua amechoka. Siku ya pili hakutaka mazoezi ya mguu. Nikimnyanyua anajilegeza kama mtoto anayegoma. Siku ya tatu uji hataki, chai hataki. Nikaanza kukisia. Mguu unauma? Hapana. Unamtaka Lilian? Hapana. Kichwa? Hapana. Anatikisa kichwa tu, hata ile sahani hasemi. Nikaogopa jamani, nikawaza labda kiharusi cha pili kinakuja.

Siku ya nne akajiburuta mwenyewe mpaka kabatini. Akavuta kwa mkono wa kushoto mkoba wake wa zamani, vitu vikamwagika. Akatoa daftari moja jeusi, akaja kuniwekea mapajani.

Nikalifungua. Ni mwandiko wake wa zamani, ule mzuri. Kurasa na kurasa. Majina ya wachezaji, umri, nafasi, nani mkataba unaisha, nani anaumia mara kwa mara. Pembeni kaandika maneno kama "mvivu huyu", "asiuzwe", "amechoka, tafuta mwingine".

Akajipiga kifua kwa ngumi ya kushoto.

"Sahani," akasema. Akafumba macho, anasukuma kitu ndani ambacho hakitaki kutoka. "Sahani... yangu."

Hiyo "yangu" ilitoka imenyooka kabisa.

Nililia, sitawaficha. Huyu mtu mkono umeondoka, mguu umeondoka, duka nimeshika mimi, maneno yameondoka. Kitu kimoja kilichokuwa bado na jina lake nimekigawa nikiwa nimesimama kwenye kaunta, huku nacheka.

Kesho yake niliwahi kwa Ami Nassor kabla hata sijafungua duka. Nikamweleza yote. Hakunilaumu. Alivua miwani akaifuta, akamwagiza mtu amwite Deo.

Deo ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, duka lake liko mtaa wa pili. Alipoambiwa, alinuna, na alikuwa na haki.

"Dada, mlinipa halafu mnaninyang'anya. Mimi mpaka kikosi cha kwanza nimeshapanga."

Nikamwambia, "Kosa ni langu, Deo. Nimetoa kisicho changu. Nakuomba radhi."

Ami ndiye aliyeamua. Akasema drafti ni Jumapili ya wiki inayofuata. Mangi aje mwenyewe. Achague mwenyewe, kwa dakika mbili kila zamu kama wengine wote. Akiweza, timu ni yake. Asipoweza, ni ya Deo na maneno yaishe.

Nikasema, "Ami, si nitamsaidia mimi kumchagulia?"

"Hapana, mama Lilian. Wewe utamsomea. Kuchagua atachagua mwenye timu."

Nikaona huyu mzee hana huruma. Nilikuja kumwelewa baadaye.

Akanipa karatasi iliyochapwa yenye majina ya vijana arobaini. Namba, jina, umri, nafasi anayocheza, kasi, pumzi, mguu anaotumia, nyota. Nyota ndiyo makadirio ya uwezo wa mchezaji, tano ndiyo mwisho.

Nilimpelekea. Wakuu, siku hiyo alikunywa uji bakuli zima.

Jioni tatu tulikaa sebuleni namsomea majina. Nasoma moja, nasubiri. Mwingine anampungia mkono kwamba pita. Mwingine ananisimamisha, anataka nirudie kila kitu, kasi, pumzi, mguu anaotumia. Akawa anaweka alama za penseli kwa mkono wa kushoto, zimepinda kama minyoo. Nikijaribu kumuuliza kwa nini huyu, ananiondoa kwa mkono kama nzi.

Mimi nilikuwa nimeshamwona wangu. Namba nne, Fredi Kasanga, mshambuliaji, nyota nne. Kwenye orodha nzima hakuna mwingine mwenye nyota nne. Hata mimi muuza zipu nilimwona. Na kwa sababu timu yetu imeshika mkia, sisi ndio wa kuchagua wa kwanza. Nikajisemea hapa kazi imeisha, tunamchukua Kasanga tunarudi nyumbani.

Jumapili ikafika. Alitaka avae shati lake la bluu la kola. Vifungo vya shati vilituchukua dakika nyingi kwa sababu alitaka kuvifunga mwenyewe, nami kwa mara ya kwanza nilikaa kitandani nikasubiri.

Tulichukua bajaji mpaka Kariakoo. Jumapili mchana kule kunakuwa kumetulia, maduka mengi yamefungwa, unaweza hata kuisikia ile fimbo yake ikigonga lami.

Hawa watu huwa wanakutana ghorofani, kwenye stoo ya Ami. Nilikuwa nawaza ngazi tangu juzi. Tulipofika nikakuta wameteremsha kila kitu, laptop iko juu ya boksi, watu wamekaa chini dukani kwenye mazulia yaliyoviringishwa. Hakuna aliyesema ni kwa ajili yake.

Wakamsalimia. Sasa mnajua watu wakimwona mgonjwa wa kiharusi wanavyofanya? Wanamwongelesha kwa sauti kama kiziwi. "MANGI! UNATUKUMBUKA?" Mmoja akamshika shavu. Mume wangu akawa anatazama chini.

Ami Nassor peke yake ndiye aliyemwongelesha kama zamani. Alitazama saa yake akasema, "Mangi, umechelewa dakika kumi. Kahawa ya leo utalipa wewe."

Mume wangu akainua kichwa. Nikaona mabega yamekaa sawa.

Deo naye alikuwepo, pembeni, mikono kaikunja.

Ami akawasha saa ya simu. "Vifungo FC, zamu ya kwanza. Dakika mbili."

Nikaiweka karatasi mbele ya mume wangu. Kidole chake cha kushoto kikaanza kushuka. Kikampita namba nne. Nikadhani hajaona. Kikaendelea kushuka, kumi, kumi na tano, ishirini. Kikasimama namba ishirini na saba.

Yahya Mbonde. Miaka kumi na tano. Beki wa kushoto. Nyota moja na nusu.

Wakuu, beki wa kushoto ndiye beki namba tatu, na mimi kwangu beki tatu ni dada wa kazi wa nyumbani, ndivyo tunavyomwita mjini hapa. Lakini hata mimi nilijua kwamba huwezi kuacha nyota nne ukachukua moja na nusu.

Nikainama nikamnong'oneza, "Baba Lilian, rudi juu. Namba nne."

Kidole hakikutoka.

Na mimi nikawaza, ni ule ugonjwa. Kama anavyotaka maji anasema sahani, ndivyo anavyomtaka Kasanga mkono unaenda kwa Mbonde. Saa inakwenda. Watu wote wanatutazama. Nikaona wataichukua timu, atarudi ukutani.

Nikamshika mkono. Nikauinua ule mkono wa mume wangu, mbele ya wenzake, nikaupeleka mpaka namba nne. Nikasema kwa sauti, "Anamchukua Fredi Kasanga."

Wawili watatu wakapiga makofi.

Mume wangu akalipiga lile boksi ngumi mpaka laptop ikaruka. "Sahani! Sahani! Sahani!" Mate yanamtoka, macho mekundu. Anapigana na ulimi wake mwenyewe.

Aliyeongea ni Deo. Kutoka kule pembeni, taratibu kabisa.

"Dada, mwache. Hamtaki huyo."

Nikamtazama Ami nikitegemea atasimamisha saa. Hakusimamisha. Akasema, "Zimebaki sekunde arobaini. Mangi, timu ni yako."

Nikauachia mkono. Nikaweka mikono yangu chini ya mapaja yangu, nikaikalia. Ndipo nikamkumbuka yule binti wa hospitali. Moja. Mbili. Tatu. Jamani, kumi ni mbali. Nne. Tano. Sita. Saba.

Kidole kikarudi ishirini na saba. Kikabonyeza karatasi mpaka ikatoboka.

Nikasoma kwa aibu, "Yahya Mbonde. Beki wa kushoto."

Mmoja akaguna, "Nyota moja na nusu, chaguo la kwanza!" Mwingine akanitazama kwa ile huruma ambayo siipendi. Nilitamani zulia moja linifunike.

Ndipo nikamsikia Ami Nassor.

"Lahaula," akasema. "Huyu bwana ni mwizi."

Akachomoa karatasi yake mwenyewe kutoka mfuko wa kanzu, akaikunjua juu ya boksi wote tuone. Namba ishirini na saba imezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili. Juu ya Kasanga hakuna alama yoyote.

"Washambuliaji humu wako tisa," Ami akasema, ananieleza mimi lakini anamwangalia mume wangu. "Beki wa kushoto ni mmoja. Mmoja tu katika arobaini! Wangu amestaafu, na wa kwake ana miaka thelathini na tano. Nimemfuatilia huyu mtoto, ana mbio na pumzi ya farasi, nyota zitakuja. Nikasema zamu ya pili ni yangu, watu wote watakimbilia nyota, mimi namwokota kimya kimya. Miezi minane huyu mtu yuko kitandani, bado anajua kuwa namtaka!"

Mume wangu akaanza kucheka.

Mdomo umepinda, kicheko chenyewe kinatoka upande mmoja, machozi yanatiririka, anampiga Ami begani kwa ule mkono wa kushoto. Ami kanuna kwelikweli, anasema ondoa mkono wako mwizi wewe, na kadiri anavyonuna ndivyo mwenzake anavyozidi. Wote wakaangua kicheko. Hata Deo.

Tangu zipu zimwagike sikuwa nimesikia kicheko chake.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na mikono yangu chini ya mapaja, nawaza: miezi minane nimeishi na mtu huyu nikijua hayupo. Kumbe yupo mzima, anakumbuka umri wa beki wa kwenye game, anajua mpango wa mpinzani wake, na mimi ndiye ninayemwongelea habari za uji.

Drafti iliendelea. Hakuna tena aliyemwongelesha kwa kupaza sauti. Zamu zake tatu zilizobaki alichagua ndani ya muda, mimi nasoma tu. Ya mwisho alitumia sekunde kama kumi, na mtu mmoja akalalamika kwamba Mangi anaharakisha ili awachanganye wenzake. Nilifurahi kumsikia akilalamikiwa.

Tulipokuwa tunatoka nilimfuata Deo. Nikamwambia asante. Akasema, "Dada, usinishukuru, bado nimechukia." Lakini alimshika mkono Baba Lilian mpaka kwenye bajaji. Kwa taarifa yenu, miezi miwili baadaye mwanachama mmoja alihamia Mwanza, Deo akapata timu yake. Sasa hivi anatusumbua kweli.

Najua mtauliza msimu uliishaje. Msitegemee muujiza. Vifungo FC ilishika nafasi ya saba kati ya kumi. Yule Kasanga alichukuliwa na Ami Nassor kwa zamu ya pili na akawa mfungaji bora, kwa hiyo huenda hata mimi sikuwa mjinga sana. Mbonde alicheza karibu mechi zote, amepanda mpaka nyota mbili na nusu, na alipewa kadi nyekundu moja ambayo mpaka leo inabishaniwa.

Na mume wangu hajapona. Sahani bado inakuja akichoka. Ila Jumapili kwa Jumapili maneno mengine yamerudi, na mengi yamerudia kule kule dukani kwa Ami: kipa, toa, ingiza, mjinga. Sijui kitaalamu inakuwaje, wenye ujuzi mtatufafanulia.

Kilichobadilika sana ni mimi. Siku hizi anashinda dukani siku mbili kwa wiki, anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mteja akiniuliza, "Mangi anaendeleaje?" namjibu, "Si huyo hapo? Muulize." Halafu nageuka napanga vifungo vyangu. Wengine wananiona mkatili, kama mimi nilivyomwona Ami.

Nilichojifunza ni kwamba kumpenda mgonjwa na kumwamulia ni vitu viwili, na mimi nilivichanganya kwa miezi minane nikijiona mke mwema. Ukiwa na mgonjwa wa hivi nyumbani, muulize hata vitu vidogo. Shati gani. Redio gani. Halafu subiri, hata kama kusubiri kunauma na mteja yuko mlangoni.

Wiki iliyopita wametoa orodha ya vijana wapya kwa drafti ya mwaka huu. Baba Lilian aliniita nimsomee. Nikasoma mpaka katikati, nikamwona mmoja, winga, nyota tatu na nusu. Nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Lakini huyu mbona..."

Akanitazama. Akavuta pumzi.

"Nyamaza," akasema.

Limenyooka, herufi zote zimo. Tumeoana miaka ishirini na moja, na sijawahi kufurahi kufokewa kama siku ile. Nilienda jikoni nikacheka peke yangu, kisha nikarudi kusoma jina linalofuata.

Yangu ni hayo wakuu. Waliowahi kuuguza mtu wa kiharusi, tuambizaneni maneno yalirudi vipi kwenu na mlifanya nini. Na wale wajuzi wa hayo magame, semeni wazi bila kunihurumia: mngekuwa nyie na chaguo la kwanza, mngemchukua Mbonde au Kasanga?